Bakhita Anamkosha Mama Yake

Mimi na wifi yangu Bakhita hatujapatana tangu siku nilipoolewa na kaka yake, Thani. Nnasema ukweli. Yeye ana mdomo, na mimi nna mdomo, na nyumba yetu ya Bawshar, hapa Maskati, ni hiyo hiyo moja. Lakini asije mtu akamsema vibaya mbele yangu, atanijua.

Maana huyu ndiye aliyekuwa akikosha maiti wa kike wa mtaa wetu wote. Bibi yake alikosha kule Ng'ambo, Unguja. Mama yake, Bi Mahbuba, alipohamia Maskati alikuta watu wanaotucheka sisi tuliotoka Unguja, Kiarabu chetu na weusi wetu. Harusini hawatualiki, lakini akifa mtu, hao mlangoni! "Bi Mahbuba, njoo." Naye huenda. Mimi ningewafungia mlango, wallahi. Akimaliza kukosha hakai kitako: atasema nani apike, nani alale na mayatima, na ndugu wasiosemeshana hupeana mikono mbele yake kabla jeneza halijatoka. Bakhita akarithi yote hayo, pamoja na ukali.

Bi Mahbuba alikuwa na wasia mmoja tu kwa bintiye, na tuliusikia mpaka tukauchoka: "Mimi utanikosha wewe, kwa mkono wako."

Ramadhani iliyopita Bakhita akapooza upande wa kulia. Mkono ukawa unaning'inia tu. Daktari akasema mazoezi, tukafanya mazoezi. Nilimkanda vidole asubuhi na jioni, naye ananitukana, na hata kidole gumba hakikutikisika. Mama yake naye keshadhoofu, hatoki kitandani. Nilikuwa nnamwona Bakhita akimtazama, nnajua anaomba nini: mama asitangulie kabla mkono haujapona.

Akatangulia. Jumatano, baada ya alasiri.

Walikuja wakoshaji wawili kutoka mtaa wa Azaiba, wanawake wa kujitolea, Hind na mwenzake. Wapole, kazi yao wanaijua. Sikuwaona na kosa, na nilitafuta. Bakhita tukamkalisha kwenye kiti, karibu na kitanda cha kukoshea. Walipoanza kumimina maji akaniita.

"Wifi, niinue."

"We kaa, wifi. Utaanguka."

"Niinue, nnakwambia! Mama yangu huyu!"

Mimi naogopa maiti tangu mdogo, hilo kila mtu analijua na Bakhita hajaacha kunicheka. Lakini siku hiyo ningemkatalia vipi? Nikamshika kiunoni nikamwinua. Yeye akajishikiza ukingoni mwa kitanda kwa mkono wa kushoto. Hind akatupisha.

Nikaushika ule mkono wa kulia, mzito masikini, nikauweka juu ya bega la mama yake. Nikawa nnausukuma taratibu, Hind anamimina kwa kata. Begani, kiwikoni, mpaka vidoleni. Nilikuwa nnalia, sikufichi. Nikajisemea moyoni, haya, Bi Mahbuba, bintiyo kakukosha kwa mkono wake. Nikadhani nimemfanyia wema wifi yangu.

Kumbe yeye hamtazami mama yake. Anautazama mkono.

"Wifi," akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo miaka yote hii sijaisikia kwake, "maji yana moto?"

"Ya vuguvugu."

"Na yeye? Keshakuwa baridi?"

Mimi nikawa nnausukuma mkono tu.

"Niambie basi," akasema. "Mimi kwa mkono huu sisikii kitu."