Disketi Iliyokwenda Kimwani

Nilikuwepo mimi mwenyewe, tena mbele kabisa ya foleni, kiwiko juu ya kaunta ya ofisi moja ya misaada pale Miembeni! Ilikuwa miaka ile ugonjwa wa kukondesha ulipokuwa ukimalizia kaya zilizosazwa na vita vya mpakani. Msichana wa mtaa wa Nshambya alikuwa ameandika programu ya kompyuta ya kupanga majina ya yatima, ili asirukwe mtoto sare za shule zikigawiwa.

Akaingia mama kutoka Kimwani, mbali kijijini, madaftari yake yamelowa mvua. "Waitu, ndugu zangu, watoto wetu wamerukwa tena! Kompyuta tumeipata parokiani, lakini ni tupu."

Msichana akanakili programu yake kwenye disketi, akaichomoa. Mkubwa wa ofisi akaifunika kwa kiganja. "Haitoki hii. Ni mali ya ofisi!"

"Tata, baba yangu," msichana akamwambia, "miche ya migomba yako uliinunua?"

"Nani ananunua mche wa mgomba? Nilipewa na jirani."

"Na shamba lake likapungua?"

Foleni nzima ikaangua kicheko, changu kikiwa juu ya vyote! Mkubwa akatazama dari, kisha akamkabidhi mama disketi kwa mikono miwili.

Leo msichana yule ni mtu mzima, anaongoza kundi zima la waandishi wa programu za bure. Ukifika unapewa nakala, na ruhusa ya kuirekebisha upendavyo.

Yote ni kweli tupu, isipokuwa kitu kimoja. Mkubwa alitoa disketi kwa mkono mmoja, tena wa kushoto. Huo wa pili nimemwongezea mimi, maana miche ya shambani kwangu ilitoka kwake.