Sharti la Pili

Tata, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa na safura. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, na akipanda kutoka mtoni alisimama mara tatu kuhema, yeye aliyekuwa akilima kibanja chetu cha Rugera peke yake. Nikampeleka zahanati. Wakati huo Waingereza walikuwa bado wanatutawala. Tata hakujua Kiswahili. Mimi nilikipata shule ya misheni na nilijivuna nacho kama gauni jipya.

Dresa, mtoa dawa wa pale, alimpa vidonge vya minyoo akavimeza palepale, tumbo tupu, na chumvi ya kuharisha juu yake. Kisha akanigeukia.

"Mwambie, leo na kesho asile samli wala chochote chenye mafuta. Na pombe asionje hata tone. Pombe ikikutana na dawa hii inaharibu ini. Umenielewa, dada?"

Nilimwelewa vizuri sana. Hiyo ndiyo shida yangu mpaka leo.

Kesho yake watu wa mchumba wangu walikuwa wanaleta rubisi, pombe yetu ya ndizi. Ndizi zilikwisha kukamuliwa na mtama kutiwa, na rubisi haimngoji mtu. Ikipita siku zake huwa chachu ya kumwaga. Na kwetu baba wa binti ndiye anayevuta wa kwanza, kwa mrija, kutoka kwenye kibuyu walicholeta. Asipovuta, amewanyima binti, nao wanabeba kibuyu chao na kuondoka. Nilimpenda yule kijana. Nilikuwa na miaka kumi na minane na akili ya kuku.

"Amesemaje?" tata akauliza.

"Usile samli, leo na kesho."

"Basi?"

"Basi."

Kesho yake nilichungulia nikiwa nyuma ya kizuizi cha matete. Tata alikula ndizi kavu, bila samli, akawatania wageni kwamba dresa amemgeuza padri wa Kwaresima. Wakacheka. Akashika mrija, akavuta. Nilijiambia funda moja haliui mtu. Akavuta tena, safari hii kwa furaha, na mimi nikanyamaza.

Siku ya tatu macho yake yalikuwa ya njano na hakuna kilichokaa tumboni. Kaka zangu walimbeba kwa engozi, machela yetu ya kusuka, nami nikakimbia nyuma na kibuyu cha maji. Nilimwomba Mungu anichukue mimi. Hata nikiomba nilijua nadanganya, maana bado nilitaka kuolewa.

Dresa alimfunua kope. Tata akawahi kusema, "Mwambie samli sikugusa. Hata nyama niliwaachia wageni."

Nikatafsiri.

"Na pombe?" dresa akaniuliza.

Kaka zangu walikuwa wamesimama pale, na hakuna aliyejua Kiswahili.

"Alikunywa," nikasema. "Sikumwambia."

Dresa aliliachia kope la tata. "Sina dawa ya hilo," akasema.

"Anasemaje?" Tata alikuwa amenishika mkono.

"Anasema umefuata masharti yote, tata."

Akatabasamu. "Mungu akubariki, mwanangu. Bila wewe ningemwelewaje mtu huyu?"

Alikufa kesho yake asubuhi, na mpaka sauti inamwisha alikuwa akiwahimiza kaka zangu wapeleke binti zao shule.