Sauti ya Mama Kwenye Kanda ya Kisiki

Jamani, hii sijawahi kuisimulia huku nimeinua uso, na leo naisema kwa sababu mmenibana tu. Mimi Deo wa Nyamiaga ndiye niliyemwalika msanii kutoka Mwanza, nikamwaibisha mbele ya umati ambao mfano wake sijauona tena, hata siku askofu alipotutembelea.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, na mimi nilikuwa napeleka ndizi kambini kwa baiskeli. Siku moja nilinunua Biharamulo mjini kanda ya kijana wa rap aliyejiita Kisiki, nadhani ndiyo pekee iliyofika kwetu, na rafiki zangu wa kambini wakaitaka. Kunakili tulikuwa na njia yetu: redio mbili zinawekwa uani zinatazamana, moja inaimba, nyingine inarekodi, na nyote mnaziba midomo (hata kikohozi unakimeza). Wimbo wake mmoja, wa mtu anayesota kwenye foleni, ulipofika katikati, mama akatokea shambani anafoka kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, "Deo weee! Mbuzi wako kwenye maharage!" Ningerudia upya, lakini betri nilikuwa nimeshazianika juani mara tatu na zilikuwa zinakata roho, nikasema aah, nani atajali, nikaipeleka hivyo hivyo.

Loo! Wakanakiliana wao kwa wao, na mwezi haukuisha, wimbo ulikuwa kila mahali, akina mama wanauimba kwenye mgao wa unga, watoto bombani, vijana wakisubiri mafundisho ya kipaimara, na wengine Kiswahili chao ni cha kuombea maji tu lakini Kisiki wanamjua neno kwa neno. Mimi na akili zangu nikaona mtu anayejulikana hivi lazima ni tajiri, na akija huku atatajirika zaidi. Nikamwandikia kwa anwani iliyokuwa kwenye kava: "Kaka, njoo na kanda, zitaisha kabla hujashuka garini."

Akaja kweli! Nilitegemea gari lake mwenyewe (nilikuwa nimeshafagia mpaka barabarani), kumbe ameshuka kwenye lori la mahindi, vumbi mpaka kwenye kope, amekumbatia maboksi mawili. Akamwamkia mama shikamoo, akala ndizi na maharage kama mtu ambaye hajala tangu juzi, halafu akaniambia polepole, "Deo, hizi ndizo zote nilizobaki nazo. Zisipotoka hapa, narudi kubeba magunia bandarini. Rap basi." Nikajipiga kifua, nikamwambia, "Kaka, wewe tulia."

Jumapili baada ya misa, watu walifurika pale uwanja wa mpira. Walikuwa wametembea kutoka kambini, wametoka vijijini, mpaka mlimani kwa juu ni vichwa tu. Kisiki akashika kipaza sauti tulichoazima kwa wanakwaya, akaanza, "Nimesimama tangu alfajiri..." na hakumaliza, umati ukammalizia, "...aliye mbele yangu kaja jana!" Fikirieni, watu waliokimbia vita, waliosimama foleni kweli kweli, wanamwimbia mtu foleni yake, na ardhi inatetemeka. Nywele zilinisimama, na mpaka leo nikikumbuka zinasimama. Kisiki alishusha kipaza sauti akawa anasikiliza tu, machozi yanamtoka waziwazi.

Kisha wimbo ukafika katikati. Uwanja mzima, wenyeji kwa wakimbizi, ukafoka kwa Kihangaza: "Deo weee! Mbuzi wako kwenye maharage!" na ukaendelea kuimba kana kwamba maneno hayo yametungwa Mwanza.

Kisiki akanigeukia. "Hayo ni maneno ya nani?"

Kabla sijafungua mdomo, mama, aliyekuwa amekaa mbele kabisa na kitenge chake kipya, akasimama. "Ni yangu hayo!" Akaeleza yote, tena kwa fahari, redio mbili, mbuzi, maharage, betri, hakubakisha kitu. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na mimi natafuta shimo.

Nikajikaza, nikafungua boksi, nikauliza nani anataka kanda. Wakanitazama kwa huruma. Mzee mmoja wa kambini akanijibu kwa upole, "Mwanangu, wenye redio tunayo. Wasio na redio wanayo kichwani." Hakuna aliyenunua.

Nilingoja Kisiki anitukane, na afadhali angenitukana. Alifunga boksi lake taratibu. "Mwanza wananiambia hakuna anayenijua, kwa sababu hakuna anayenunua," akasema, huku bado anautazama mlima. "Kumbe." Asubuhi nikamsindikiza kwa baiskeli mpaka kwenye lori, maboksi yote mawili nyuma, na baadaye nilisikia ameonekana bandarini na gunia begani. Tangu hapo sijanakili kanda ya mtu, na sitanakili.

Ninasema hakuna aliyenunua, lakini mama alichukua moja kwa mkungu wa ndizi, alimwonea huruma kijana wa watu. Jioni ya Jumapili ile ile nikamwekea. Akasikiliza ametulia, ukafika wimbo wa foleni, ukafika katikati, ukapita. Akasikiliza mpaka mwisho, akanigeukia na uso umekunjamana.

"Deo, mbona mimi simo? Mrudishie hii, atuletee ile halisi."