Bendi ya Jua Lingali Juu

Namuwongo, mtaa wetu wa Kampala, ilinuka moshi wa mkaa na matope ya mfereji, lakini siku ya pili ya Krismasi harufu iliyoshinda zote uani kwetu ilikuwa ya vumbi lililoungua taratibu ndani ya gramafoni ya Afande. Hapo hapo ndipo waliponiambia kwamba sitaweza. "Wekesa, masikio yako ni ya kikombe, ya kushikia tu!" alisema jirani mmoja, na ua mzima ukacheka. Leo nina diploma ya ufundi wa sauti niliyoipata Nairobi kwa kujisomesha mwenyewe. Nina studio yangu Mengo, Kampala hii hii, na wanamuziki wanaojua wanachokitafuta hunisubiri mlangoni. Sijisifu bure, mcheza kwao hutunzwa, nami nimerudi kwetu. Lakini ukiniuliza nilianzia wapi, sitakutajia chuo. Nitakutajia bendi moja iliyokosa muongo.

Afande alikuwa sajini mstaafu wa polisi, mtu wa Gulu, na kwa kuwa gramafoni ilikuwa yake, sheria pia ilikuwa yake. Wapangaji wote, Wakenya kama sisi, Waacholi na Waganda, tuliijua: kwenye dansi yetu ya kila Krismasi, kila mtu hucheza muziki wa muongo wa ujana wake. Akitangaza "Sitini!", waliokuwa vijana miaka ile husimama, wengine hupiga makofi. Mama yangu hakuwahi kusimama. Alikuwa msichana Bwaise, upande wa pili wa jiji, katika miaka ya sabini, na miongoni mwa santuri za Afande hapakuwa na hata moja ya muongo huo. "Sabini hakuna dansi," Afande alikuwa akisema. "Watu ilikuwa inalala mapema." Mama alicheka na kuendelea kusukuma chapati, ila mimi niliyekaa chini niliuona mguu wake ukifuata ngoma chini ya meza.

Bendi yenyewe iliitwa Kafu Jazz, na karatasi ya katikati ya santuri yake ilikuwa imeliwa na panya. Afande alishikilia kuwa ni bendi ya sitini kwa sababu aliiona ikianzishwa. Baba, aliyetoka Kakamega kuja kutafuta kazi ya ghala, aliapa ni ya themanini, maana aliicheza kwenye baa alipofika Kampala. Kila mwaka walibishana mpaka chai ikapoa. Nilipokuwa darasa la nne nikatangaza kuwa nitaamua mimi. Ndipo nikapewa masikio ya kikombe.

Moyoni nilitaka iwe ya sabini, lakini kutaka si kujua. Nikaazima santuri kwa Afande, nikaazima nyingine nyumba hadi nyumba, nikazilinganisha likizo nzima. Tarumbeta za Kafu Jazz zilikaribiana na za sitini, ila gitaa lilikuwa na haraka ambayo vijana wa sitini hawakuwa nayo. Kinanda cha umeme cha themanini hakikuwamo. Kisha nikasikia kitu ambacho wakubwa walikuwa wakikipigia kelele kila mwaka bila kukisikiliza. Wimbo ukikaribia kwisha, mwimbaji anaaga: jua lingali juu, wapenzi, wahini nyumbani. Bendi gani ya dansi huwafukuza watu mchana kweupe? Nilimuuliza Baba, akasema ni mapambo tu. Nikamuuliza Mama. Alijifuta unga mikononi, akausukuma mlango ukajifunga nusu.

"Tulicheza mchana, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Tukitoka kanisani, ukumbini, madirisha yamefungwa. Jua likianza kushuka, mwimbaji anatutuma nyumbani. Usiku ulikuwa na wenyewe, wenye bunduki."

Siku ya dansi ilipofika tena mwaka uliofuata, nilisimama mbele ya ua mzima, nikasema kwamba bendi si ya mwaka ilipoanzishwa wala ya baa ilipozeekea. Ni ya watu walioyahitaji maneno yake. Kisha nikaeleza habari ya jua. Hakuna aliyecheka. Afande aliinua sindano kutoka kwenye santuri ya Kafu Jazz, akakaa nayo mkononi.

"Mimi ilikuwa zamu jioni hizo," alisema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Nasimama nje ya hiyo ukumbi. Nasikia yote. Mguu inataka, buti inakataa."

Akairudisha sindano. "Sabini! Simama!" Mama akasimama na unga wake mikononi. Na Afande, aliyekuwa akicheza na watu wa sitini miaka yote, akamwendea na kuinama. "Mama Wekesa, naomba." Baba ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Afande ametangulia mbele ya haki. Krismasi iliyopita niliziazima tena santuri zote za likizo ile, nikazisafisha sauti zake studioni, nikapita kwa kila aliyeniazima, au kwa watoto wake, nikawarudishia zikiwa safi kuliko nilivyozichukua. Jirani wa kikombe alisikiliza ya kwake mara mbili, akaniita injinia. Jioni tukakusanyika uani pale pale. Mpwa wangu akaitafuta Kafu Jazz kwenye simu. "Bibi, simu inasema ni ya sitini."

"Iulize hiyo simu," Mama alijibu, "jioni zile ilikuwa imesimama wapi."

Akanipa mkono, tukacheza. Mwimbaji alituaga kama kawaida yake, jua likazama nyuma ya reli, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kulitazama.