Nilivyomsalimia Mama Mkwe Kutoka Ndani ya Banda la Kuku

Pale Pasiansi, mtaani kwetu kando ya ziwa, wapo watu ambao hadi leo wananifahamu zaidi kwa makalio kuliko kwa sura, na aibu hiyo hakuna aliyenitegea, niliijenga mwenyewe kwa nyundo na misumari.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, kiwanda cha pamba kimeuzwa, sisi tumepunguzwa kazi, na kila aliyepunguzwa alikuwa anafuga kuku (waliobaki kazini walikula mayai). Mama mkwe akatuletea kutoka Magu tetea kumi na jogoo, akamwambia mke wangu, Mama Neema, nami nasikia: "Mwanaume akishindwa kulaza kuku, watoto atawalaza wapi?" Akaahidi kurudi kukagua.

Nikamwita fundi Masanja. Akasema banda likae nyuma ya jiko, pana udongo, nguzo zichimbiwe futi mbili. Lakini nyuma ya jiko nani angeniona? Nikamwonyesha jiwe kubwa lililo upande wa juu wa uwanja wetu, lenye mteremko, laini kama kipara.

"Hapo nguzo haziingii, Baba Neema."

"Yesu mwenyewe alisema tujenge juu ya mwamba!"

"Yule alikuwa seremala," akasema Masanja. "Angekuwepo angekwambia kama mimi." Akakusanya vifaa vyake akaondoka.

Nikamaliza peke yangu: mabanzi, wavu, bati mbili, miguu minne iliyozuiwa kwa vijiwe, na mlango mdogo kabisa (mwizi atapita wapi?).

Mama mkwe akaja Jumapili, mvua imetoka kunyesha, ameongozana na wanawake wawili wa kanisani kwake. Wakawekewa viti uwanjani. Mama Neema akaniambia nikamate tetea wa kitoweo. Mtu mwenye akili angengoja kuku atoke, lakini mimi nilijua natazamwa, nikaingiza kichwa, nikaingiza mabega, tumbo likagoma, nikataka kurudi, mkanda ukanasa kwenye msumari, basi nikasukuma kwa miguu. Vijiwe vikachomoka. Banda likaanza safari, limebeba kuku kumi na mmoja na nusu mtu, kuku wanapiga kelele, mimi nawazidi, suruali yangu ya mtumba inaachia mshono mmoja baada ya mwingine, likajigeuza katikati ya mteremko, likasimama mbele ya wageni, nami nyuma ndiyo nimeitanguliza.

Sasa sisi Wasukuma, hata kula tu mbele ya mkwe ni mtihani. Nikaona angalau adabu isipotee.

"Shikamoo, mama."

Nikasikia viti vinageuzwa.

"Marahaba, baba," akajibu, sauti imeelekea ziwani. "Kuku hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Ninao humu."

"Nawasikia."

Mama Neema akanifunika kitenge, akang'oa mabanzi huku akicheka mpaka nyundo inamponyoka. Nilipotoka, nina manyoya mdomoni, mama mkwe hakunigombeza (ningefurahi angenigombeza). Aliuliza jembe liko wapi, akasogeza kiti chake nyuma ya jiko, akakata kijiti cha futi mbili. Nikachimba mashimo manne nimevaa kitenge cha mke wangu, yeye anapima kila shimo, na lile la tatu akanirudisha mara mbili.

Tangu siku hiyo nimeapa: kuku nitawajengea panapowafaa kuku, sifa nitazitafuta kanisani kwenye kwaya, na kwenye mlango wowote unaonifika magotini, jamani, naingiza mkono tu.