Mshono wa Mwanamke Mwingine

Kwetu mume wa mtu hashonewi nguo na mwanamke mwingine. Nguo ikichanika, mkewe ndiye anayeshika sindano. Akiishika mwingine, watu watauliza nguo ilivuliwa wapi. Nami nilikuwa na cherehani yangu pale Makambako, nikishona sare za shule na magauni ya kipaimara, kwa hiyo jambo hilo kwangu lilikuwa aibu mara mbili. Siku moja mume wangu alirudi kutoka Lupingu, alikokwenda kununua samaki, nikaona kifungo cha shati lake kimeshonwa kwa uzi mweusi. Nilikikata kwa mkasi shati likiwa mwilini mwake. Alidai amekishona mwenyewe. Nilimwambia mwanamume anayejua kupiga fundo namna ile bado hajazaliwa kijijini kwetu.

Ndivyo nilivyo. Wengine wana moyo mkunjufu, mimi nina wivu.

Alipoanza kulalamika maumivu ya mgongo, na tumbo likawa linadunda hata ukimtazama kwa mbali, tulipanda lori juu ya magunia ya pareto mpaka hospitali ya misheni upande wa Njombe. Daktari alikuwa Mwingereza mgeni. Alimgandamiza tumbo kwa vidole, kisha akamwita muuguzi atueleze.

Muuguzi alikuwa Mbena mwenzetu, mjane wa kutoka Mdandu, mrefu, nadhifu kupita kiasi. Alisema mshipa mkubwa wa damu tumboni umevimba kama mpira wa baiskeli uliochakaa, na siku ukipasuka mgonjwa hatafika hata mlangoni. Daktari atakata pale palipovimba na kuweka bomba la kitambaa cha nailoni. Upasuaji huo ulikuwa mgeni siku hizo. Daktari aliwahi kuwasaidia wenzake kuufanya kwao, na si wagonjwa wote waliopona.

"Hilo bomba anashona nani?" niliuliza.

"Mimi, dada. Nguo zote za chumba cha upasuaji nashona mimi. Usiwe na shaka, shemeji atapona."

Shemeji! Hata salamu yake ya kamwene nilikuwa sijaiitikia vizuri, tayari mume wangu amekuwa shemeji yake.

Mume wangu akasema hakubali. Daktari alidhani anaogopa kisu, akaanza kumbembeleza kupitia kwa yule yule muuguzi. Mimi peke yangu nilijua anachoogopa. Walipotuacha wawili alinigeukia, akasema polepole kwa Kibena, "Cha nje ulikikata kwa mkasi. Cha ndani utakikataje?"

Nilitoka nikamwambia daktari, muuguzi mwenyewe akitafsiri, kwamba bomba nitashona mimi. Hakunicheka. Aliagiza nipewe kipande cha kitambaa kile na kipimo, nikaketi kwenye cherehani yao. Nailoni iliteleza kama kambare, nami nilikuwa na hasira, lakini mshono niliotoa ungefaa gauni la bibi harusi. Muuguzi akashona la kwake baada yangu, bila haraka, huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Hata sauti alikuwa nayo.

Daktari alibana ncha ya kila bomba akamimina maji. Kitambaa chenyewe kilitoa jasho kidogo, akasema hilo si neno, damu ikiganda itaziba. Ila langu lilivuja mshono wote, kutoka juu mpaka chini. La yule mwanamke lilishika. Nililichukua, nikaligeuza nje ndani, nikatafuta kasoro. Alikuwa amepiga mistari miwili ya mishono midogo sana, pindo limelala sawasawa. Sikuona kasoro, na hilo ndilo lililoniuma. Angekuwa mzembe ningempenda.

Niliomba kushona jingine. Daktari akasema hakuna nafasi. Maumivu yalikuwa yamezidi tangu asubuhi, na mshipa ungeweza kupasuka wakati sisi tunashindana kushona.

Basi nikaingia wodini, muuguzi akiwa nyuma yangu.

"Vaa la kwake," nilimwambia mume wangu.

"Umesema wewe?"

"Nimesema mimi. Tena mbele yake."

Akanyoosha mkono achomwe sindano, wakamchukua.

Nilikaa nje kwenye ukungu, nikimwomba Mungu mshono ule ushike, na huku moyoni natamani angalau uzi mmoja uachie, uzi mmoja tu, ili nami nipate la kusema. Muuguzi alipotoka alikuwa amechoka hata kusimama hawezi. Aliketi chini karibu nami, akasema yu hai. Nililia, nikamkumbatia, na nikamchukia, yote kwa pumzi moja.

Siku ya kurudi nyumbani alitusindikiza hadi kwenye lori, akamfundisha mume wangu namna ya kushika tumbo kwa mikono miwili barabara ikiwa mbaya. Naye, mwanafunzi mtiifu, kila shimo anashika kama alivyofundishwa. Kabla hatujafika nusu ya njia uvumilivu ulinishinda. Nikaiondoa mikono yake, nikaweka yangu. Chini ya kiganja changu kazi ya yule mwanamke ilikuwa ikipitisha damu, tulivu.

"Linavuja?" aliniuliza.

"Halivuji," nilimjibu, na nikalia kwa wivu mpaka Makambako.