Mpiga Picha wa Dirisha la Tatu

Mkutubi alimhukumu mpiga picha kabla hajamtia machoni, na ushahidi wote aliokuwa nao ulikuwa kicheko. Kilitoka nyuma ya kona, katika uwanja wa wazi ulio mbele ya lango la gereza la zamani ambalo siku hizi ni jumba la makumbusho, nacho kilikuwa kicheko cha watu wengi, kisicho na haya hata chembe. Akakunja uso. Mtu aliyetumia nusu ya umri wake kuwanyamazisha wasomaji kwa kidole mdomoni hawezi kusikia kelele akaiacha ipite hivi hivi.

Safari hii alikuwa ameiandaa kwa adabu. Alisoma habari za mji, akavaa shati la kijivu, akamsihi mkewe naye avae kitu kilichopoa. Mkewe, fundi cherehani, alitoka chumbani na gauni la manjano ambalo bado lilinukia pasi.

"Mama watoto, tunakwenda mahali palipoumiza watu."

"Ndiyo nikawaumize tena kwa kuvaa gunia?"

Uwanjani, wageni walikuwa wamejipanga kwenye kidaraja cha mawe kinachozunguka kisima kilichofunikwa. Mbele yao alisimama mzee mwembamba, kamera yake juu ya miguu mitatu, mgongo wake yeye ukielekea lango la gereza. Kila mtu alimwita Babu Cheka.

"Macho juu! Dirisha la tatu! Cheka nalo kama limekuletea posa!"

Kijana mmoja akaomba apigwe picha lango likiwa nyuma yake.

"Sipigi hivyo, mjomba. Kwangu hakuna anayeligeuzia lango hili kisogo. Geuka."

Mkutubi uvumilivu ukamwishia. "Shikamoo, mzee. Samahani, lakini hapa watu walifungwa."

"Marahaba. Najua, mwanangu."

"Wengine walikufa."

"Na hilo nalijua. Sasa simama hapo na bibi harusi wako, maana yeye ananiangazia uwanja mzima, wewe unanitia kiza kwenye kamera."

Watu wakaangua kicheko, na aliyecheka kupita wote alikuwa huyo bibi harusi aliyeolewa miaka ishirini na kitu iliyopita.

Mkutubi akashika njia ya ofisini. Njiani alijiuliza kama kweli alikuwa akiwatetea marehemu au akiuguza fahari yake tu. Akabisha hodi.

Msimamizi wa makumbusho, mama mnene mwenye miwani iliyopandishwa utosini, alimsikiliza bila kumkatiza.

"Wewe si wa kwanza," alisema. "Kamati inakaa wiki ijayo, na neno la mgeni lina uzito. Lalamiko moja zaidi, na Babu atafunga kamera yake aende zake. Ila panda kwanza ukaone chumba cha tatu. Ukishuka, nitaandika vile vile utakavyosema."

Chumba kilikuwa na dari ya chini, ikambidi ainame. Dirisha lake halikuwa dirisha hasa, bali ufa uliochongwa katika ukuta mnene, wa kupita jicho na pumzi. Alichungulia. Hakuona mbingu, hakuona barabara. Aliona kisima tu, na juu ya kidaraja chake gauni la manjano. Mkewe alikuwa ameinua uso moja kwa moja kuelekea kwake, anacheka hadi gego la mwisho, kama mtu anayetekenywa. Ilimchukua muda mkutubi kutambua kwamba alikuwa ameinua mkono na kumpungia, ilhali mkewe hangeweza kumwona.

Nyuma yake msimamizi aliingia akihema.

"Kuwatembelea wafungwa kulikatazwa. Basi jamaa zao walivaa nguo nzuri kuliko zote walizokuwa nazo, wakaja kusimama pale kama wapita njia. Machozi waliyamaliza nyumbani. Walitaka aliye ndani aone kwamba wapo, wamekula, na wanacheka. Babu aliletwa pale kisimani akiwa mtoto mdogo, kwa ajili ya baba yake aliyetiwa humu." Akavuta pumzi. "Haya, niandike nini?"

Mkutubi alichungulia tena dirishani.

"Andika kwamba ngazi zenu ni kali mno kwa watu wa umri wangu."

"Hilo nalilalamikia mimi mwenyewe kila siku!"

Alishuka upesi kuliko ilivyompasa mtu aliyelalamikia ngazi, akajibanza kando ya mkewe.

"Karibu, bwana msiba," alisema Babu Cheka.

"Nicheke vipi, mzee?"

"Kama mtu anayeonekana."

Katika picha ile, ambayo leo imetundikwa juu ya cherehani, mkutubi ana sura ya mtu aliyeng'ata limau akaamua kulisifia. Wateja huuliza kama huyo ni bwana au ni jirani aliyepita.

Siku ile, garimoshi lilikuwa limekwisha kuuacha mji ndipo mkewe akasema, "Ulipokuwa juu, Babu alinisimulia. Baba yake walimhamishia gereza jingine mwanzoni kabisa, na nyumbani hawakuambiwa. Miaka yote ile walikuwa wakimchekea mtu baki aliyetiwa chumbani mwake."

"Mtu gani?"

"Mfungwa mwingine, mpiga picha. Siku alipofunguliwa, hakwenda kwao kwanza. Alizunguka mji mzima akiuliza wanakaa wapi wale watu wa kisimani, wenye mtoto wa pengo, mpaka akawapata. Kamera ile ya Babu ilikuwa yake."